Mb, nd, ng: mizizi ya Kielvi mezani kwa msomaji wa Goma

Kitabu ninachokitathmini hapa ni The Lost Road and Other Writings cha J.R.R. Tolkien, kilichohaririwa na mwanawe Christopher na kuchapishwa mwaka 1987 kikiwa juzuu ya tano kati ya juzuu 12 za The History of Middle-earth. Sikukinunua kwa ajili ya hadithi zilizomo. Nilikinunua kwa ajili ya kurasa zake kama 60 za sehemu iitwayo The Etymologies, ambayo ni orodha ya mizizi ambamo mwandishi huyo aliyachotea maneno ya lugha alizowabunia Waelvi wake, viumbe wa kubuni wanaofanana na watu. (Naandika Kielvi kwa herufi v, kwa kuwa Kielfu kingempeleka msomaji kwenye hesabu.) Nakala yangu ilikwisha kutumika kabla haijanifikia, ina jalada jepesi, na ilinigharimu dola 28 pamoja na malipo ya msafiri aliyeivusha kutoka Kigali kupitia Gisenyi. Nimeisoma karibu kila jioni kwa miezi minane, na ninaipa nyota nne kati ya tano.

Lazima niseme kwanza kilichonifikisha kwenye kitabu hiki. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari, na Jumamosi hukutana na wanafunzi wachache wanaopenda lugha, tukasoma na kuchambua maneno. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimenunua kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni kitu alichokiita kamusi kamili ya Kielvi, karatasi zilizopigwa chapa na kufungwa kwa waya wa plastiki. Humo maneno ya mwaka 1915, alipoanza Tolkien kuandika msamiati wake wa kwanza akiwa kijana, yalikaa bega kwa bega na maneno aliyoyaandika uzeeni, na katikati yake yakapenyezwa maneno yaliyotungwa na wapenzi wa vitabu vyake miaka mingi baada ya kifo chake mwaka 1973, bila alama yoyote ya kumwonya msomaji. Mwanafunzi aliniuliza neno fulani limetoka wapi, nami sikuwa na la kumjibu, maana karatasi zile zilikuwa na neno na maana yake tu, mithili ya mtoto aliyeletwa shuleni bila jina la baba wala la mama. Niliona aibu ya mwalimu, nikaanza kutafuta chanzo chenyewe.

Katika The Etymologies hakuna neno lisilo na mzazi. Kila kidahizo, yaani neno linaloongoza maelezo, ni mzizi ulioandikwa kwa herufi kubwa, kisha maana yake, kisha watoto wake katika lugha mbalimbali: Q ni Kikwenya, lugha ya heshima ya Waelvi wa juu, na N ni Kinoldorini, lugha ambayo baadaye Tolkien aliigeuza ikawa Kisindarini, ile inayosikika zaidi katika The Lord of the Rings, riwaya yake mashuhuri. Umbo ambalo halikuandikwa popote bali limekisiwa kwa kufuata kanuni huwekewa nyota mbele yake, kama wafanyavyo wanaisimu wote. Hakuigiza kazi ya wanaisimu kwa mbali. Alikuwa mwanafilolojia kwa taaluma, yaani mchunguzi wa historia ya lugha na maandishi, aliyefanya kazi katika kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford mwaka 1919 na 1920, akishughulikia maneno yanayoanza kwa W, kabla ya kuwa profesa. Alichokuwa akikifanya mchana kwa maneno ya kweli, usiku alikifanya kwa maneno ya kubuni, kwa nidhamu ileile.

Tuchukue mzizi mmoja tuutazame kwa karibu. Kwenye herufi ya M utaukuta MBAS-, wenye maana ya kukanda unga. Kikwenya kinatoa masta, yaani mkate, na pia kitenzi cha kuoka. Kinoldorini kinatoa bast, mkate huohuo. Asiyejua kanuni ataona masta na bast kuwa maneno mawili yaliyokutana kwa bahati. Anayejua kanuni ataona kwamba mwanzoni palikuwa na mb, kisha watoto wakagawana urithi: Kikwenya kikabaki na king'ong'o m (sauti itokayo puani) na kukiacha kipasuo (sauti inayozuiwa kinywani kisha ikaachiwa ghafla), na ndugu yake akakichukua kipasuo b na kukiacha king'ong'o. Hali ni hiyohiyo kwa nd. Mzizi NDOR-, wa kukaa mahali, unazaa nóre katika Kikwenya na dor upande wa pili, na ile dor ndiyo nchi unayoisikia mwishoni mwa majina ya nchi mbili za riwaya ile, Mordor, nchi nyeusi, na Gondor. Hali ni hiyo pia kwa ng, na hapo msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuketi mbele.

Mzizi unaotaja jamaa wa Waelvi wenye hekima huanza kwa sauti ambayo mhariri ameiandika Ñ ikifuatwa na G. Mwingereza na Mfaransa hulazimika kuelezwa kwa aya nzima jinsi ya kuanza neno kwa sauti hiyo, kwa sababu lugha zao haziruhusu. Sisi tunaitamka kila siku tusemapo ngoma. Kikwenya kikaidondosha g, ikabaki sauti tunayoianzia neno ng'ombe, kisha baada ya vizazi sauti hiyo ikalainika kuwa n ya kawaida, ndipo tukapata Noldo. Upande wa pili king'ong'o kikaanguka, ikabaki g, ndipo tukapata golodh. Tofauti kati ya ngoma na ng'ombe, ambayo mtoto wa darasa la kwanza hapa kwetu huandikiwa ubaoni, ndiyo hatua nzima ya historia ya sauti katika lugha hiyo ya kubuni. Hata kwenye nyongeza ya The Lord of the Rings inayoeleza herufi za Kielvi, jina la mojawapo ya herufi hizo limetolewa kama noldo, na kando yake umbo la zamani, ngoldo. Nilipolisoma kwa sauti darasani, hakuna mwanafunzi aliyesita.

Na hapa Goma jambo hili lina ladha ya pekee. Wengi mjini husimulia kwamba jina la mji lilitokana na neno ngoma, na kwamba wageni waliolisikia walishindwa na ng ya mwanzo, wakaandika g peke yake. Ikiwa ndivyo, basi ngoma ilipita njia ileile iliyopitwa na golodh, na jina tunaloliandika juu ya kila barua ni mfano hai wa kanuni ya Kisindarini.

Siku ya kwanza niliyowaandikia wanafunzi mizizi ubaoni, nilichagua mitano tu: MBAR-, MBAS-, NDER-, NDOR-, KWET-. Sikusema imetoka wapi. Msichana mmoja wa kidato cha tano akainua mkono.

“Mwalimu, hii si ni Kiswahili?”

“Kwa nini unasema hivyo?”

“Mbar, ndor... Zinaingia mdomoni zenyewe.”

Nikamwambia si Kiswahili wala si lugha yoyote ya Kibantu. Kikwenya kilizaliwa kwa mapenzi ya Tolkien kwa Kifini, lugha aliyoikuta katika kitabu cha sarufi akiwa mwanachuo na ambayo baadaye aliilinganisha na ghala la mvinyo usiowahi kuonjwa, na Kisindarini kilitengenezwa kifanane kwa sauti na Kiwelshi. Hata hivyo alichokisema msichana yule ni kweli ya mdomo, nami sitaki kuipuuza. Tunaingia katika orodha hii tukiwa tumekwisha kulipia nusu ya safari.

Kinachonipendeza kupita vyote katika mfumo huu ni kwamba sauti iliyopotea mwanzoni mwa neno haikufa, imejificha katikati ya maneno ya kuunganishwa. Mkate wa safari ambao Waelvi huwapa wasafiri huitwa lembas. Katika maandishi yake mengine Tolkien anaeleza kwamba neno hilo lilitokana na lenn, safari, likiungwa na mbass, mkate. Mkate ukisimama peke yake umeipoteza m yake ya kale, lakini ukiegemezwa kwenye neno jingine, mb inajitokeza tena. Vivyo hivyo mzizi MBAR-, wa kukaa na kuishi, katika Kisindarini ni bar, nyumbani, na katika Kikwenya ni mar, kama ilivyo mwishoni mwa Eldamar, makao ya Waelvi. Lakini Kikwenya kikisema ulimwengu kinasema ambar, na mb imekaa pale katikati, salama, kwa sababu irabu iliyo mbele yake ilimpa king'ong'o mahali pa kuegemea. Mswahili anayejua kwamba ubao huzaa mbao, na kwamba ulimi huzaa ndimi, hashangai kuona sauti ikienda na kurudi namna hiyo. Kanuni zetu si zilezile, kwa kuwa kwetu king'ong'o huongezwa na ngeli ilhali kwao kilikuwapo tangu mwanzo kikaanguka, lakini sikio lililozoea mchezo mmoja huutambua upesi mchezo wa pili.

Niongeze jambo kuhusu matamshi, kwa kuwa wengi huniuliza. Kisindarini huandika dh na th kama tunavyoandika sisi, na kwa sauti zilezile: galadh, mti, una dh ya dhahabu, na peth, neno, lina th ya thelathini. Ni kweli kwamba hapa mjini wengi wetu tunasema zahabu, na wanafunzi wangu walitaka kusema galaz. Nikawaonyesha kwamba Kiswahili sanifu chenyewe kinawafundisha sauti wanayoitafuta. Irabu inayoandikwa y katika Kisindarini nayo hutamkwa kama u ya Kifaransa katika neno rue, sauti ambayo wasomaji wa lugha nyingine huihangaikia sana lakini ambayo kila mtoto aliyesoma Goma anaijua. Kiswahili mkono mmoja na Kifaransa mkono wa pili, sijui ni msomaji gani duniani aliyeandaliwa vizuri zaidi.

Kuna mzizi mwingine ambao sikuweza kuupita haraka. GOND-, jiwe. Kikwenya, ambacho hudondosha g ya mwanzo, kinasema ondo, kama kinavyosema alda mahali ambapo Kisindarini kinasema galadh. Upande wa Kisindarini g inabaki, na Gondor ni nchi ya mawe. Tolkien aliwahi kueleza katika barua, akiwa mzee, kwamba neno hilo hakulibuni lote: utotoni alikuwa amesoma mahali kwamba ond, kwa maana ya jiwe, ni mojawapo ya maneno machache mno yaliyosalia ya lugha zilizozungumzwa Uingereza kabla ya Wakelti kufika, na neno likamkaa moyoni. Nilikuwa nikisoma hayo nimeketi barazani, mbele yangu kuna ukuta wa mawe meusi ya volkano kama kuta zote za mtaani kwetu, mawe yaliyotoka Nyiragongo na ambayo baada ya mlipuko wa 2002 watu waliyavunja kwa nyundo na kuyajengea nyumba palepale yalipopozea. Mtu akiniuliza jina la Kielvi la mji huu sitahangaika kutafuta mbali.

Sasa nyota iliyopungua. Kasoro ya kwanza si ya mchapishaji wala ya mhariri, bali ni hali ya kazi yenyewe, na mnunuzi anastahili kuijua kabla hajatoa fedha. Orodha hii iliandikwa takriban mwaka 1937 na 1938, kisha ikaongezewa na kukatwakatwa. Lugha inayoitwa humo Kinoldorini ilikuwa bado lugha ya Waelvi waliorudi kutoka ng'ambo. Baadaye Tolkien alibadili mawazo, akaifanya kuwa lugha ya Waelvi waliobaki, akaiita Kisindarini, na maneno kadhaa yakabadilika umbo. Jiwe limeandikwa gonn katika orodha hii, si gond. Anayechukua maneno humu na kuyatumia moja kwa moja kana kwamba ni kauli ya mwisho ya mwandishi atarudia kosa la zile karatasi zangu za waya wa plastiki, ila kwa adabu zaidi. Mimi hulinganisha kila neno na Eldamo, kamusi ya bure kwenye intaneti inayotaja chanzo cha kila umbo na kutenga vipindi vya maisha ya mwandishi. Umeme ukikatika, ndipo kitabu kinaporudi kuwa mfalme.

Kasoro ya pili ni ugumu wa mwandiko wa asili. Christopher Tolkien anakiri waziwazi kwamba miswada ya baba yake ilikuwa imejaa masahihisho juu ya masahihisho, na kuna mahali alipolazimika kuacha jambo lisilosomeka. Marekebisho na nyongeza zilichapwa baadaye katika jarida Vinyar Tengwar, toleo la 45 la mwaka 2003 na la 46 la mwaka 2004, lakini hayamo katika kitabu hiki, na anayetaka usahihi kamili hana budi kuyatafuta. Hili ndilo lililoniuma kidogo, kwa kuwa msomaji wa hapa akikwisha kulipa nauli ya kitabu kimoja hana fedha ya kulipia nauli ya majarida mawili.

Vifupisho navyo ni vingi. Mbali na Q na N kuna ON, T, Ilk, Dor na vingine, kila kimoja kikiwa lugha au lahaja ya kubuni yenye kanuni zake, na maelezo yake yanakuja mara moja tu mwanzoni. Nilivinakili kwenye kadi nikaitia kitabuni kama alama ya ukurasa. Maana zote zimetolewa kwa Kiingereza, kwa hiyo tumekuwa tukijaza daftari letu kwa Kiswahili, na kazi hiyo imekuwa tamu kuliko nilivyotarajia. KWET-, kwa mfano, ni kusema, na umezaa quetta, neno, katika Kikwenya na peth, neno, upande wa pili, kwa kuwa kw ya kale huko iligeuka p. Kutoka hapo kuna pedo lililochongwa juu ya mlango wa Moria, mji wa chini ya milima katika riwaya ile: pedo mellon a minno, sema rafiki kisha ingia. Mellon, rafiki, linatoka kwenye MEL-, kupenda kwa upendo wa urafiki. Kwa mzizi huo wanafunzi walibishana nusu saa kama kupenda kwetu kunatosha au tunahitaji kirai kizima, maana kwa Kiswahili tunapenda mtu na tunapenda samaki kwa kitenzi kimoja. Tuliandika “kupenda rafiki”.

Nyumbani nilimsomea mama yangu mzazi sehemu ya orodha, nikimweleza kwamba mtu huyu alichukua mzizi mmoja akauonyesha unavyobadilika kutoka lugha hadi lugha. Mama ni Mnande. Akaniambia hilo nalijua, sisi tunasema omundu, majirani Wanyarwanda wanasema umuntu, wewe shuleni unafundisha mtu, na wale wa Kinshasa wanasema moto. Alikuwa ametoa, bila kitabu, kidahizo kizima cha etimolojia ya Kibantu, chenye mzizi ambao wanaisimu huuandika kwa nyota mbele yake, *-ntu. Tangu siku hiyo kila tunapomaliza ukurasa wa Tolkien, kila mwanafunzi huleta neno moja kutoka kwa bibi yake, na tunaliandika kwa mpangilio wa The Etymologies: mzizi juu, watoto chini, kila lugha na kifupisho chake, M kwa Kimashi, H kwa Kihunde, R kwa Kinyarwanda.

Sehemu nyingine za kitabu nizitaje kwa ufupi. Kuna mwanzo wa riwaya ya kusafiri katika wakati, aliyoianza Tolkien baada ya kukubaliana na rafiki yake C.S. Lewis kwamba mmoja aandike kuhusu anga na mwingine kuhusu wakati, na haikukamilika. Humo kuna kijana anayejiwa na maneno ya lugha isiyojulikana usingizini, jambo litakalomgusa yeyote apendaye maneno. Kuna Lhammas, maelezo ya nasaba ya lugha zote za Waelvi, ambayo yafaa yasomwe kabla ya orodha. Kuna pia umbo la miaka ya 1930 la simulizi zilizokuja kuwa The Silmarillion. Anayetafuta hadithi ya kumstarehesha aanze kwingine.

Kuhusu kitabu kama kitu cha kushikwa: herufi za orodha ni ndogo, na chini ya mwanga wa taa ya betri macho huchoka baada ya kurasa tatu. Gundi ya mgongo iliachia mwezi wa pili, nikakipeleka kujalidiwa upya kwa dola tatu, na fundi akakishona kwa uzi, sasa kinafunguka kikalala bapa mezani bila kushikiliwa. Ningemshauri yeyote anayenunua nakala ya jalada jepesi aitie hesabuni gharama hiyo tangu mwanzo, na anunue pia penseli, kwa sababu pambizo ni pana vya kutosha kuandikwa. Za kwangu zimejaa kuanzia A hadi N, na kwenye herufi ya M, ukurasa wenye MBAR- na MBAS-, karatasi imeanza kuwa laini kama kitambaa kwa kushikwa na vidole vya watu saba.